Mirija Iliyofuata Watoto Darasani

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Mwalimu Nabwile alivunja yai la kienyeji, akatoa kiini, akauacha ute peke yake ndani ya glasi, halafu akaumiminia chang'aa, ile pombe kali isiyo na rangi, kama maji. Hiyo chang'aa alipewa na chifu kutoka kwa mitungi iliyokamatwa wiki iliyopita, pamoja na barua yenye muhuri inayosema ni ya kufundishia. Watoto arobaini na watatu wa Gredi ya Nne walikuwa wamelizunguka dawati lake. Ute ulianza kuwa mweupe kwa nyuzinyuzi, kisha ukaganda wote chini ya glasi, yai likaiva bila moto.

"Umeona vile imefanya yai?" alisema Nabwile. "Sasa fikiria ubongo wako. Fikiria ini lako, na wewe bado unakua."

"Mwalimu, hiyo inaweza kulika?" Derrick aliuliza.

"Kaa chini, Derrick."

Somo lenyewe halikuwa kwenye ratiba. Jana yake, Jumatatu, msichana mmoja alikuwa amelala darasani, mate yakamtiririka hadi kwenye daftari, na alipoamshwa akacheka bila sababu. Alikuwa amekula machicha, yale makapi ya mahindi na wimbi yanayobaki pombe ya busaa ikishakamuliwa. Alikula bakuli zima kwa babu yake. Msichana huyo ni Joy, miaka tisa, mtoto wa pekee wa Mwalimu Nabwile, na ilibidi mwalimu ambebe mgongoni kuvuka uwanja mzima wa shule huku madarasa yote yakichungulia madirishani. Jamani, aibu ile! Nabwile aliifikisha kwa baba yake, Mzee Wepukhulu, jioni hiyo hiyo.

"Machicha si pombe," mzee alimjibu, akiwa amekaa barazani akichonga. "Hiyo ni uji imekauka tu. Si wewe mwenyewe ulikulanga hiyo, na ukaenda kusomea ualimu?"

"Papa, mtoto amelala darasani."

"Alikuwa amechoka."

Mwezi ulikuwa Julai, na mwaka ulikuwa wa tohara. Kuanzia Saboti mpaka Malakisi, Agosti ikifika, kila boma lenye mvulana wa kutahiriwa lingekuwa na chungu cha busaa uani, na wageni, na ngoma, na watoto wakipita katikati ya miguu ya watu wazima. Nabwile hakuogopa kitu kingine. Kama makapi tu ya Julai yamemlaza Joy, Agosti ingemfanya nini? Alitaka kumjua mtu aliyemwonjesha mtoto wake mara ya kwanza, amshike, amwambie aache. Na moyoni alikuwa ameshamjua. Alikuwa anachonga pale barazani.

Sasa, watoto walipokuwa wakinakili tarehe na kichwa cha somo, mrija uliingia kwa dirisha la tatu, lile lisilo na kioo.

Ulikuwa mrija wa kunywea busaa, ule Wabukusu wanaouita lusekhe, unaotengenezwa kwa mmea wa kutambaa wenye uwazi ndani. Wa kawaida huwa mrefu wa kumtosha mzee kukaa mbali na chungu, aongee na wenzake bila kuinuka. Huu haukuonekana ulipoanzia. Ulipita juu ya vichwa vya safu ya nyuma polepole, ukashuka, ukasimama shubiri moja mbele ya mdomo wa Derrick. Haukumgusa. Derrick aliusukuma kidogo kwa kalamu ili aone ubao.

"Mwalimu, nimeletewa mrija."

"Nimeona. Maliza kuandika."

Ikaja mingine. Iliingia kwa mlango, kwa upenyo kati ya ukuta na mabati, mmoja ukapitia kwenye tundu la panya. Kila mmoja ulijua mtoto wake. Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto arobaini na wawili walikuwa na mirija mbele ya midomo yao, na darasa zima lilikuwa likivuma kwa sauti ya chini sana, ile unayoisikia ukiweka sikio kwenye mzinga. Wa Joy ulikuja mwisho. Ulikuwa mwembamba kuliko yote, na Nabwile aliuona ukichelewa mlangoni kidogo kabla haujaingia. Ulikuwa mzuri, na huo uzuri ndio uliomtisha.

Walipotoka nje, waliona hivyo hivyo kwa madarasa mengine. Mirija ilikuwa imeshuka kutoka pande zote, juu ya mahindi yaliyokuwa yakitoa mbelewele, juu ya ua wa shule, juu ya choo cha walimu, mamia kwa mamia, na jua la saa nne lilikuwa linapita juu yake na kuifanya ing'ae rangi ya asali. Mbayuwayu walikuwa wameshaanza kutua. Watoto walicheza mpira na mirija ikawafuata, ikapishana hewani bila kukwamana hata mara moja. Mtoto akiingia chooni, mrija ulimngoja mlangoni. Walimu walisimama pale na vikombe vya chai mpaka chai ikapoa.

Mtu wa Saboti hashangazwi na kitu akiwa na kazi ya shamba. Kufikia Jumatano watu walikuwa wameshazoea. Mafundi wa umeme walipita wakainua nyaya mahali zilipogusana na mirija. Chifu alitoa tangazo kwamba ni ruhusa kuanika nguo ndogo lakini si blanketi mbichi, maana mirija inapinda na kuwagonga watoto puani. Waliojaribu kuikata kwa panga waliikata, ikadondosha unga mweupe kidogo, ikaungana tena, nao wakarudi kupalilia.

Jambo moja lilieleweka haraka, kwamba ukiufuata mrija utamfikia aliyemwonjesha mtoto huyo pombe kwa mara ya kwanza. Mwalimu mkuu, Bwana Khaemba, ndiye aliyeanza. Aliufuata wa Derrick, ambaye ni mtoto wa dada yake, akavuka mto, akapita kanisa, ukamfikisha sebuleni kwake mwenyewe, kwenye kiti anachokaliaga Krismasi. Alirudi shuleni akagonga kengele ya saa sita, dakika kumi kabla ya wakati. Wa Nimo, ambaye kwao ni Waislamu na chupa haijawahi kuvuka kizingiti chao, uliingia jikoni kwa jirani. Jirani alisema alimpa kifuniko kimoja tu, aone atakunja uso vipi. Babake Nimo aliomba kiti, akakaa pale jikoni akiutazama mrija mpaka wakati wa sala ulipofika, halafu akaaga kwa heshima akaenda.

Watoto wenyewe hawakusumbuka. Ukiweka sikio kwenye mrija wako, walisema, unasikia mtu. Nabwile aliweka sikio kwenye wa Joy na hakusikia chochote.

"Kwani wewe unasikia nani?" alimuuliza.

"Mtu tu."

"Ni kuka?"

"Si kuka."

"Anasema nini?"

Joy alitikisa kichwa, akaendelea kumenya ndizi. Nabwile hakumwamini. Mtoto akimpenda babu yake atamficha mpaka basi.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi, uliofanyika uwanjani kwa sababu mirija ilikuwa imejaza ukumbi. Nabwile alisimama na ile glasi ya yai. Aliwaeleza kuhusu ubongo wa mtoto, namna pombe inavyomkaa kichwani kuliko mtu mzima, namna anayeanza na miaka tisa anavyopata shida kuacha akiwa na ishirini. Walimsikiliza vizuri sana. Kuna waliotoa daftari wakaandika.

"Mrija una mwenyewe," alimalizia. "Kila mtu afuate wake, auambie urudi. Hii mirija sasa haina kitu, ni upepo tu. Lakini wiki tatu zijazo mtapika busaa. Mkijaza vyungu, hamtahitaji hata kuwaita watoto. Mirija iko tayari midomoni mwao."

Kukhu Nakhungu, bibi wa watu wengi pale, akainuka kwa fimbo yake.

"Mwalimu, umeongea ukweli. Mimi niko na mirija saba hapo. Huyu alikuwa na surua, huyu tumbo, huyu alikuwa analia tu bana, na mama yake ameenda soko Lwakhakha. Ningefanya nini? Nitaiambia irudi. Lakini tumalize tohara kwanza. Si mtu hawezi kuanza vita na mirija na wageni wako njiani?"

Watu walipiga makofi. Bwana Khaemba akasema hilo ni pendekezo la busara, likapitishwa, likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mirija yote itarudishwa Septemba. Nabwile alihisi machozi ya hasira yakimpanda, akayameza. Wangewezaje kukubaliana naye kwa kila neno na bado wasimpe kitu?

Mzee Wepukhulu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa akiikagua mirija iliyo karibu naye, akiipitisha vidoleni, maana alikuwa fundi wa kuitengeneza na aliijua kazi nzuri akiiona. Mkutano ulipoisha alimwita binti yake.

"Yangu ni kumi na mbili," alisema bila kona. "Ya wajukuu. Sijaficha. Lakini wa Joy si wangu."

"Papa, tafadhali."

"Mimi sijui mirija yangu? Huo unapita juu ya nyumba yangu unaenda zake. Unashuka Bungoma."

Jumamosi asubuhi Nabwile alimwacha Joy kwa Kukhu Nakhungu, akamkodi Tonny wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wanne na mirija minne kwake nyumbani. Walianza safari wakiangalia juu. Mrija wa Joy ulipita juu ya paa la mzee kweli, na haukusita hata kidogo. Nabwile aliukazia macho mpaka shingo ikamuuma. Alikuwa amemlaumu baba yake siku tano mfululizo.

Walipofika Kiminini walikutana na mirija ya Kitale. Iliyotoka huko haikufanana na ya vijijini. Mingine ilitoka kwenye nyumba zenye geti na mbwa, mingine kwenye ukumbi wa harusi, mmoja kwenye buti la gari lililokuwa likiendelea na safari, ukawa unarefuka nyuma yake bila kelele. Yote ilikuwa inaelekea kwa watoto. Kwenye daraja la Kamukuywa Tonny alizima pikipiki bila kuambiwa. Bonde lote, kutoka milimani hadi upande wa Misikhu, lilikuwa limefunikwa kwa mirija iliyopita mmoja juu ya mwingine, yenye umande, na upepo ulipoingia ndani yake ilitoa sauti moja nzito iliyotetemesha kifua. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliendelea kufua. Nabwile alishika mdomo. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kitu hiki ni kikubwa hivi, kwamba mtu akisema kidogo tu, na jirani yake akisema kidogo tu, kinaweza kufunika nchi.

"Ni mingi, mwalimu," Tonny alisema.

"Ni mingi."

"Na wako bado unaenda?"

"Bado unaenda."

Ulipoingia Bungoma, Nabwile alianza kuijua njia. Ulikata nyuma ya soko, ukafuata uchochoro wenye mtaro, ukapita bomba la maji analolikumbuka. Alimwambia Tonny asimame. Sehemu iliyobaki alitembea kwa miguu, polepole, kama mtu anayeitwa ofisini, mpaka kwenye ploti ya mabati yenye vyumba nane. Mrija uliingia chumba namba sita. Alikuwa amekaa hapo miaka miwili, akiwa mwanafunzi wa ualimu, na Joy akiwa mtoto mchanga.

Aliyefungua ni mama kijana aliyejitambulisha kama Jerono, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na kitoto kinacholia begani.

"Kumbe ni wako?" alisema. "Nilidhani ni wa landlord. Nimeanikia nepi hapo, usikasirike."

Mrija ulivuka chumba chini ya nepi na kushukia ukingo wa kitanda, mahali mtu akikaa anaweza kumpakata mtoto. Mwisho wake haukuwa ndani ya chungu. Ulikuwa umeingia kwenye kijiko cha plastiki cha rangi ya buluu kilichokaa hewani bila kushikwa. Nabwile alikaa kitandani. Kijiko kilikuwa sawasawa na mkono wake wa kulia.

Alikikumbuka. Joy alikuwa na miezi minane, meno yanatoka, na mtihani wa mwisho wa chuo ulikuwa kesho yake. Baba wa mtoto alikuwa ameshapotea. Nabwile alikuwa hajasoma hata ukurasa mmoja kwa siku mbili. Jirani akamletea chang'aa kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akamwambia weka sukari, mpe kijiko kimoja, wengi wetu tumelelewa hivyo. Akampa. Joy alilala saa kumi nzima bila kugeuka. Nabwile alisoma, akafanya mtihani, akapita, akawa mwalimu. Kila somo alilofundisha tangu siku hiyo, pamoja na lile la yai, lilianzia kwenye kijiko hiki.

"Ni mimi," alisema kwa sauti.

Jerono alikuwa akimbembeleza mtoto. "Ee," alijibu, "mahali kimekaa, kinaonekana ni cha mtu wa kupakata."

Nabwile alikivuta kijiko ili auchomoe mrija. Haukutoka. Alivuta tena kwa mikono miwili, ukamvuta na yeye taratibu, bila ubaya. Basi akasogeza mdomo, akaongea ndani yake. Kama mtoto anasikia upande ule, si atamsikia mama yake? Aliongea robo saa nzima. Alimwambia Joy kwamba ni yeye, si kuka, aliyempa kile kijiko cha chang'aa akalala saa kumi nzima. Kwamba alikosea, kwamba alikuwa msichana mdogo amechoka, na kuchoka hakumpi mtu ruhusa. Alimwomba msamaha. Alimwambia mtu yeyote akikupa, hata kwa sherehe, hata akiwa mkubwa wako, sema hapana, uje kwangu. Mwisho aliuambia mrija urudi, kwa jina lake kamili, kama mwenye mali. Mrija ulivuma tu.

Alipoinuka akifuta macho, Jerono alikuwa amesimama karibu naye.

"Pole, mwalimu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na hivi... alilala kweli? Saa kumi? Huyu wangu hajanipa usingizi siku tatu, na Jumatatu naanza kazi."

"Usimpe, Jerono. Umenisikia hapa nikilia."

"Nimekusikia. Nimeuliza tu."

Nabwile alikaa naye saa nzima. Alimwonyesha namna ya kumpa kitambaa baridi atafune, namna ya kumlaza kwa tumbo juu ya mkono. Jerono alishukuru kwa moyo, akamsindikiza hadi kwa Tonny.

Jioni ya mapema, nyumbani Saboti, Nabwile alimkalisha Joy kwenye mkeka.

"Ulinisikia leo saa sita?"

"Nilikusikia."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, 'Kidogo tu, mtoto wa mama, ulale.'"

"Na mengine? Niliongea mengi sana, Joy."

Joy alifikiri, maana alikuwa mtoto wa kusema kweli. "Hapana. Ni hiyo tu. Husemanga hiyo tu, kila siku. Lakini leo ulikuwa unalia ukiisema."

Nabwile aliyarudia yote pale pale, uso kwa uso. Joy alimsikiliza mpaka mwisho, akamkumbatia, akasema, "Sawa, mama." Usiku ulipoingia walilala kitanda kimoja, na mrija ukalala juu ya blanketi kati yao.

Siku ya kufunga shule, vyungu vilikuwa vimeshapikwa. Harufu ya busaa ilikuwa imefika mpaka barabarani, na ngoma zilikuwa zinajaribiwa. Nabwile aliomba dakika ishirini za mwisho na Gredi ya Nne, akafundisha tena kila kitu, na safari hii aliwaeleza pia kuhusu kijiko. Hawakumcheka. Alifarijika kidogo. Mrija wa Joy haukuwa na chungu, alijiambia. Una kijiko kikavu, Bungoma, kwa mwanamke aliyemsindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Nani hapa atasema hapana?" aliuliza. "Inua mkono."

Mikono arobaini na mitatu iliinuka, mingine miwili miwili. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Derrick alikuwa amesimama juu ya dawati. Nabwile alijua wanasema kweli, kila mmoja wao, na moyo ulimjaa.

Ndipo rangi ikaanza kuja. Ilitokea mbali, juu ya mahindi, hudhurungi ya wimbi, ikitembea ndani ya mirija polepole, mamia kwa pamoja, ikipita ua wa shule, ikipita uwanja, ikiingia madirishani. Lilikuwa jambo la kutazama tu, na wote walitazama. Mrija wa Joy peke yake ulibaki mweupe, na Nabwile aliushika kwa vidole viwili, aone kama ni mkavu.

Ulikuwa wa baridi. Kitu cheupe kama maji kilikuwa kinapita ndani, kidogo tu, kiasi cha kijiko kimoja, na Nabwile akajua kwamba huko Bungoma, chumba namba sita, yule mtoto sasa amelala.